Uzi Chini ya Mchanga

9 Februari

Mjukuu wangu Kidole,

Marahaba, najua ulikuwa unataka kuniamkia. Mimi mzima ukiacha magoti, jino moja la nyuma na sikio la kushoto, ambalo sasa nalibeba kama pambo tu. Mama yako hajambo. Jumapili alikuja akafagia chumba changu bila kuombwa, akatupa kofia yangu ya kazini, mimi nikaifuata jalalani nikairudisha, akaitupa tena. Tuliagana kwa amani. Kofia ninayo. Fundi cherehani wa chumba cha pili anakusalimu. Bado mnene, bado ana maneno, bado ananikataa.

Nakuandikia kwa sababu ya lile sikio. Mama yako akinipa simu niongee na wewe, mimi napayuka, na ua mzima unajua habari za tumbo langu. Karatasi haipayuki. Tatizo ni mwandiko, lakini kwa hilo lilaumu darasa la nne, ambalo nililipenda nikalirudia, na walipotaka nilirudie tena nikakimbilia kwenye saruji.

Sasa jambo lenyewe. Pale kwa kinyozi wameniuliza mjukuu wangu anafanya kazi gani huko mbali. Nikasema anafuga kuku ndani ya kompyuta. Kinyozi akaacha kichwa cha mteja nusu, akauliza, "Wanakula nini?" Nikamjibu, "Umeme." Wakaamini! Sasa muuza mkaa ananifuata kila nikitoka, anataka umuwekee majogoo wawili. Niandikie unafanya nini hasa, kwa maneno ya mtu aliyekaa kwenye kiti cha kinyozi, kabla sijaanza kupokea oda.

Ni mimi babu yako, mwashi mstaafu, mchumba aliyekataliwa.


2 Machi

Shikamoo Babu,

Barua yako niliisoma kwenye ngazi za maabara, nikacheka peke yangu mpaka mlinzi akaniuliza kama naumwa. Siumwi. Chumba changu ni kidogo, dirisha linatazama ukuta wa jengo la jirani, na ukuta wenyewe umepinda, kwa hiyo nakukumbuka kila asubuhi. Mwambie mama nakula. Mwambie fundi cherehani gauni alilonishonea kuniaga linanibana, kwa sababu nakula.

Sifugi kuku, Babu. Sikiliza. Yai likitagwa, juu ya kile kiini cha njano kuna kiduara cheupe, kidogo kuliko kitufe cha shati. Kiduara hicho ni seli, maelfu kwa maelfu, zimelala bapa kama vigae. Yai likipata joto, seli zinaanza kutembea. Hakuna anayeziita. Za kushoto zinazunguka kwao, za kulia zinazunguka kwao, kama maji yanayokorogwa na miiko miwili, halafu zinakutana na kuchora mstari katikati. Mstari huo ndio mwanzo wa kuku. Ukiuona, unajua mgongo utapita wapi na kichwa kitakaa wapi. Usipotokea, hakuna kifaranga, kuna yai la kukaanga tu.

Sasa, kila seli inajua jirani zake basi: ipi inaivuta, ipi inaisukuma. Haioni yai zima. Inawezaje kushiriki kuchora mstari ulionyooka? Hapo ndipo kazi yangu ilipo. Kwenye kioo cha kompyuta naweka nukta badala ya seli, kila nukta naipa sheria chache za kuishi na jirani, halafu nabonyeza kitufe na kuziacha. Zikichora mstari zenyewe, nitakuwa nimekaribia kujua seli zinafanyaje.

Hazichori. Juzi zilijirundika kwenye kona moja kama watu waliosikia kuna mlango mmoja tu. Jana zilitawanyika, kila moja ikashika njia yake, nikabaki natazama kioo kitupu kama bibi harusi aliyekimbiwa na wageni wake mwenyewe. Na mwezi wa nane kuna mkutano mkubwa wa watu wa kazi hii. Mkuu wa maabara amesema wazi: mstari ukitokea kabla ya hapo, ananiongezea mkataba wa miaka mitatu. Usipotokea, nafunga begi narudi nyumbani. Hilo la begi usimwambie mama.

Mjukuu wako, mchungaji wa nukta.


20 Machi

Kidole,

Nimemwambia mama yako unakula. Akauliza unakula nini. Nikasema umeme. Hakucheka, ana tabia ya bibi yako.

Barua yako niliisoma kwa sauti pale kwa kinyozi, nikaruka mambo ya begi. Muuza mkaa amesikitika sana kuhusu majogoo. Kinyozi yeye ameanza kuogopa mayai. Anasema hawezi tena kupasua kitu ambacho ndani yake watu wanapangana.

Sasa pokea ushauri wa kitaalamu. Tatizo lako ni moja, mjukuu wangu: huna nyapara. Mimi nimejenga shule, nimejenga zahanati, nimejenga choo ambacho mheshimiwa mmoja alikifungua kwa kukata utepe, na popote vibarua walipoachwa wenyewe, walijirundika kivulini. Hiyo ndiyo kona yako! Weka nukta moja nene, ivike kofia, ipige kelele. Mimi nilikuwa nyapara maisha yangu yote, na kuta zilizoanguka ni mbili tu. Zote mbili nilizisimamia mwenyewe, lakini hilo lina hadithi yake.

Magoti yanakusalimu.

Babu.


11 Aprili

Shikamoo Babu,

Asante kwa ushauri wa nyapara. Mama hajambo?

Mstari umetokea. Mkuu alipita mezani kwangu akauona kwenye kioo, akaita watu, wakaja na vikombe vyao vya chai. Picha yake itaonyeshwa kwenye mkutano, ukumbi mkubwa, na mimi nitasimama kuieleza. Kuhusu mkataba amesema nisiwe na wasiwasi.

Huko mvua imenyesha? Mama hajambo?

Mjukuu wako.


30 Aprili

Mjukuu wangu mwenye ukumbi mkubwa,

Mama yako hajambo mara mbili, kama ulivyouliza. Barua yako ilikuwa fupi kama risiti, nikasema haya, huyu sasa ni mtu mkubwa, wino wake una bei. Lakini mstari umetokea! Nilirusha kofia, ikatua juu ya bati la bafu, na bado iko huko.

Sasa furaha kama hiyo mtu hakai nayo chumbani. Jumamosi nikawakusanya wapangaji wote uani niwaonyeshe kazi yako kwa vitendo. Niliwafunga macho kwa vipande vya kitambaa vya fundi cherehani, maana seli hazioni. Nikawavua viatu. Nikasimama juu ya ndoo nikasema, "Ninyi sasa ni yai."

Muuza mkaa akauliza, "La kienyeji au la kisasa?"

"Viza, ukiendelea kuuliza," nikamwambia. Nikawapa sheria: shika bega la jirani, akienda, nenda, akisimama, simama ubavuni mwake.

Fundi cherehani akasema, "Na jirani akinishika pasipo bega?"

"Hiyo ni sayansi, mama, vumilia."

"Nitakuvumilisha wewe, mzee, shuka kwenye hiyo ndoo yangu."

Basi wakaanza. Walizunguka weee, wakagongana, wakakanyagana, mtu akasema hilo si bega langu, mwingine akasema samahani nilidhani ni ukuta. Halafu polepole, Kidole, kama kitu kinachoota, mstari! Kutoka bombani mpaka mlango wa bafu, umenyooka kama nimeujenga. Mke wa mwenye nyumba akapiga makofi kule barazani. Wakavua vitambaa, wakajitazama walivyojipanga, wakashangilia mpaka mbwa wa jirani wakajibu. Fundi cherehani alinishika mkono kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Sikuunawa siku nzima.

Sasa nikupe siri, umcheke babu yako. Kabla watu hawajaamka nilitoka na uzi wangu wa kujengea, ule wa enzi za kazi, nikaufunga kwenye vigingi viwili, kimoja bombani na kingine bafuni, nikaufukia kwa mchanga kidogo. Kinyozi na muuza mkaa niliwanong'oneza, kila mtu kwa wakati wake: mguu ukigusa uzi, simama. Wengine wakajipanga ubavuni mwao bila kujua. Hakuna aliyegundua! Wote wanaamini walijipanga wenyewe. Na bila shaka hata wewe una uzi wako huko, ila wasomi hamsemi.

Babu yako, daktari wa mayai.


26 Mei

Kidole,

Nimemuuliza mtu wa posta habari za barua yako mpaka sasa akiniona anavuka barabara. Mama yako amekupigia, anasema uko sawa, na kwamba ulisema "niko sawa" kabla hata hajauliza. Mimi nina sikio moja, lakini hilo limesikia.

Kama nimekuudhi kwa kuifanya kazi yako mchezo wa uani, nitukane. Lakini nitukane kwa maandishi, nipate cha kusoma.

Babu.


8 Juni

Shikamoo Babu,

Hujaniudhi. Barua yako ya yai la uani niliisoma mara moja, nikaikunja, nikaisukuma chini ya godoro, na tangu siku hiyo naihisi mgongoni.

Babu, na mimi niliweka uzi.

Ilikuwa Aprili. Nukta zilikuwa zimenichosha. Nikaandika sentensi moja ndani ya programu: kila nukta ikikaribia katikati, ivutwe kidogo kuelekea katikati. Nilitaka tu kuona mstari ungeonekanaje kama ungekuwepo, kama mtu anayejaribu viatu dukani na hana nia ya kununua. Nikabonyeza, nikaenda kuchukua chai. Kurudi, mkuu amesimama nyuma ya kiti changu, mkono kifuani, na kwenye kioo mstari umenyooka.

"Umefanyaje?" akauliza.

Nikasema, "Nimebadilisha vitu vidogo vidogo."

Hiyo ndiyo sentensi yangu, Babu. Vitu vidogo vidogo. Kabla sijapata nyingine, watu walishajaa na vikombe. Nikasema nitamweleza kesho. Kesho akawa ameshamsimulia mkubwa wake. Kesho kutwa picha ikaombwa kwa ajili ya tangazo la mkutano, na sasa imebandikwa kwenye kila mlango wa jengo hili, hata wa jikoni. Mtu akisimama karibu na meza yangu natoka jasho, nadhani ataniambia nifungue programu.

Nikisema, mkataba unaondoka. Nisiposema, nitasimama ukumbini nieleze jinsi seli zinavyojipanga zenyewe, na mimi najua nilizipanga mimi. Niambie kitu. Si mzaha.

Kidole.


19 Juni

Mjukuu wangu,

Leo sitanii, na ujue inanibana kama kuvaa viatu vya mtu mwingine.

Nimeisoma barua yako na sikuona kosa. Uzi? Mwashi asiyefunga uzi ni mwehu. Hakuna ukuta ulionyooka ambao haukuanza na uzi. Ukimaliza unautoa, unautia mfukoni, na nani anauliza uzi ulikuwa wapi? Watu wanaangalia ukuta. Wewe umefunga uzi, mstari umenyooka, mkuu wako amefurahi. Toa uzi, tia mfukoni, pokea mkataba, kula vizuri.

Mama yako hajui kitu. Kwangu hatajua, nimefunga mdomo mpaka jino linauma.

Babu.


3 Julai

Shikamoo Babu,

Mara hii umeniudhi kweli.

Ukuta una mwashi. Kila mtu anajua una mwashi, hata mwizi anayeuruka. Yai halina mwashi! Nimetoka nyumbani, nimemwacha mama, nimekuja kukaa mbele ya ukuta uliopinda kuuliza swali moja tu: ndani ya yai, pasipo mwashi na pasipo uzi, mstari unatoka wapi? Halafu nimefunga uzi, nimeuficha, nimewaambia watu tazameni, umetoka wenyewe. Nukta zinafanya nilichoziamuru, na mimi nimesimama mbele yake nikishangaa zilivyo na akili.

Kuna wenzangu watakaoichukua picha ile na kujenga kazi yao juu yake. Wewe unajua kinachompata mtu anayejenga juu ya msingi aliodanganywa kuhusu kokoto zake. Na hapo uani kwako, niambie, waliopiga makofi walikuwa wanapigia nini?

Nisamehe kwa kukufokea. Nafoka kwako kwa sababu kwa mkuu bado sijafungua mdomo. Mkutano umekaribia, na mimi kila siku naenda kuchukua chai.

Kidole.


22 Julai

Kidole uliyenichoma jichoni,

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikakasirika. Mara ya pili niliisoma nikitafuta makosa ya maandishi ili nikuaibishe. Sikupata, nikakasirika zaidi. Nikaitia mfuko wa shati nikisema nitakujibu vikali nikishamaliza kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Fundi cherehani alikuwa amemwalika mdogo wake, mwalimu wa sayansi, aje aone yai la uani. Akaja na miwani na heshima zake. Mimi, kichwa kigumu, nilishafunga uzi tena asubuhi, nikaufukia, nikawanong'oneza wale wawili. Watu wakafungwa macho. Wakaanza kuzunguka. Mimi nikawa natembea kinyumenyume mbele ya mwalimu, mikono mgongoni kama mkaguzi, nikimwambia, "Angalia vizuri, mwalimu, hakuna anayewaongoza."

Nilipofika kwenye "hakuna", kisigino kikaingia chini ya uzi wangu mwenyewe.

Nilikwenda chini kama gunia la saruji. Kigingi kikang'oka, na uzi wote ukachomoka mchangani, kutoka bombani mpaka bafuni, ukaning'ang'ania mguuni kama mkia. Fundi cherehani akavua kitambaa.

"Hii nini?"

"Uzi."

"Wa nini?"

Hapa, mjukuu wangu, nilikuwa na majibu matatu mdomoni, mazuri yote. Umesahauliwa na mafundi. Ni wa kutegea panya. Ni wa kuzuia maji ya mvua. Lakini nilikuwa nimelala chali, na barua yako kifuani imekunjika kona inanidunga. Nikasema, "Ni wa kuwadanganya ninyi. Na ile mara ya kwanza pia."

Kinyozi akatazama mawingu. Muuza mkaa akasema, "Mimi nilidhani wote wanajua."

Nilitegemea wacheke. Fundi cherehani hakucheka. Akasema polepole, "Mzee mzima! Mimi nimewasimulia wateja wangu wote kwamba tulijipanga wenyewe. Mimi nimelala nalo, kwamba watu wa ua huu, na kelele zetu zote, tulijipanga wenyewe." Goti lilikuwa linavuja damu, lakini maumivu hayakuwa pale. Uliniuliza walikuwa wanapigia nini makofi. Basi walikuwa wanajipigia wao, na mimi niliwaibia.

Halafu akajifunga kitambaa tena, akasema, "Haya. Bila uzi. Na wewe mzee ingia humu ndani, hakuna cha ndoo."

Bila uzi, Kidole, ilikuwa aibu tupu. Mimi na muuza mkaa tulizunguka kwenye kona moja kama mbuzi wa kamba moja, kila mmoja akidhani anamfuata mwenzake. Kinyozi alitoka mlangoni akaenda zake barabarani na kitambaa usoni, akarudishwa na mpita njia. Mtu mmoja aliingia bafuni na mtu alikuwa anaoga. Watu walicheka mpaka wakakaa chini, mwalimu akavua miwani kufuta machozi. Mwisho tulipovua vitambaa, palikuwa na watu watatu karibu na bomba wamesimama kama mstari, umepinda kama jino langu. Fundi cherehani akaunyooshea kidole. "Ule pale. Mdogo, lakini wetu."

Hayo ndiyo ya huku. Ushauri sikupi. Ushauri wangu umeshaangusha kuta mbili.

Babu, aliyeng'atwa na uzi wake.


25 Agosti

Shikamoo Babu,

Pole ya goti. Nilikusoma mezani, na niliposoma pale pa "hakuna" nilicheka kwa sauti mpaka mkuu akatoa kichwa ofisini kwake. Akaniuliza kuna nini. Nikainuka, nikaingia, barua bado mkononi, nikafunga mlango. Nikamwambia.

Alivua miwani. "Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya vikombe."

Alikasirika, Babu, na alikuwa na haki. Alisema amenisifu mbele ya watu. Nikasema najua. Akasema picha iko kwenye kila mlango. Nikasema najua, hata wa jikoni. Chai yake ikapoa mbele yetu sote wawili, halafu akavuta kiti akaniambia, "Itoe hiyo sentensi, tuone."

Nikaitoa, nikabonyeza. Nukta zikaanza kuzunguka, za kushoto kwao, za kulia kwao, vizuri. Halafu zikachanganyikiwa. Karibu na ukingo zikatoa kitu kifupi, kimepinda, mtu ataona haya hata kukiita mstari. Nikasema moyoni maneno ya fundi cherehani.

Picha tuliibandua mlango kwa mlango, mimi na yeye. Ukumbi mkubwa akapewa mtu mwingine. Mimi nilipewa ubao kwenye korido, karibu na choo. Nilibandika picha mbili, moja nimeiandika "yenye uzi", nyingine "isiyo na uzi", na katikati ile sentensi yangu kwa herufi kubwa. Kila mtu huenda chooni, Babu, hata maprofesa, kwa hiyo nilipata wageni kuliko nilivyotegemea. Wengine walisoma wakaguna. Wawili walicheka, si vizuri. Mama mmoja mwenye mvi alisoma yote, akaniinamia akasema, "Wa kwangu niliuficha mwaka mzima." Akaendelea na safari yake.

Mkataba si wa miaka mitatu tena. Ni nusu mwaka, na kuanzia sasa mtu mwingine anaikagua programu yangu kila wiki, sentensi kwa sentensi. Baada ya hapo hakuna anayejua. Nukta leo zimejirundika kwenye kona, ileile, wala sikuzitukana.

Mama nimemwambia mwenyewe kwa simu. Amekutaja.

Kidole.


14 Septemba

Mjukuu wangu Kidole,

Amenitaja, na halafu amekuja. Alianza kufoka akiwa barabarani, akafoka mlangoni, akafoka akifagia. "Baba, ulijua habari za begi tangu mwezi wa tatu!" Nilimgeuzia sikio la kushoto. Akazunguka akahamia la kulia. Huyo nimemzaa mwenyewe. Alipochoka alikaa kitandani akaniuliza ile habari ya mama mwenye mvi, nikamsomea kwenye barua yako, akacheka akiwa bado amekasirika. Kwa hiyo usihofu, kitanda chako hapa kipo, na kama hutakihitaji pia kipo.

Goti limepona vibaya. Kofia ilishuka na upepo. Muuza mkaa amenunua majogoo ya kweli, yanawika dirishani kwangu, namshukuru Mungu kwa sikio bovu.

Kuhusu uzi. Ua ulikaa kikao bila mimi, nikahukumiwa. Fundi cherehani aliuchukua akaufunga upya, kutoka bombani mpaka bafuni, palepale, ila juu, usawa wa kichwa, mchana watu wakiona. Ndio kamba ya kuanikia nguo sasa, na wa kwanza kuanika nilikuwa mimi, kwa amri. Ukiingia uani leo unauona uzi wangu kabla hujaniona mimi, na juu yake chupi yangu ya bluu yenye kiraka. Kiraka alikishona yeye. Usiulize zaidi, mimi mwenyewe sijauliza. Mwalimu wa sayansi akipita anainama chini yake na kusema, "Shikamoo mzee," na sina hakika anamwamkia nani.

Nguo zikilowa, uzi unalegea, unapinda katikati kama mgongo wa punda. Miaka yote nisingevumilia uzi wa namna hiyo hata kwa dakika moja. Jana nilitoka na koleo niukaze, nikasimama chini yake, nikautazama. Nikarudi ndani.

Babu yako.